Adeer Bado Yuko Safarini

Jumatatu, 3 Oktoba 2022

Madam Roda katupa asaimenti. Kila mmoja wetu amtafute mtoto wa mtaani hapa Garissa, amjazie fomu, kisha aandike vitu kumi anavyomshukuru Mungu. Tukiona shida za wenzetu, anasema, tutaacha kulalamikia chakula cha chuo. Darasa zima likacheka. Mimi nimeshaandika saba kabla sijamwona mtoto yeyote! Maji ya bomba. Godoro. Baba mwenye kazi.

Naandika haya kwa Kiswahili kama kawaida, maana Hooyo, mama yangu, hupekua madaftari yangu na Kiswahili cha kuandikwa kinamshinda.

Jumanne, 4 Oktoba

Nimempata wangu nyuma ya maghala ya nafaka. Msichana, miaka kumi hivi. Anazoa mahindi yanayomwagika magunia yakishushwa, anayapepeta vumbi kwa mtandio wake. Jina: Nasteho. Nikamnunulia sambusa mbili. Moja akala, ya pili akaifunga kwenye mtandio.

Fomu ina mstari mmoja tu wa jina la baba. Yeye akanitajia abtirsi nzima, kama tulivyokaririshwa sote tukiwa wadogo — baba, babu, baba wa babu, mpaka juu kabisa. Nasteho wa Gelle wa Guled wa Keinan...

Kalamu ikasimama. Mimi ni Ramla wa Bishar wa Abdow wa Keinan. Kuanzia Keinan kwenda juu majina yetu ni yale yale. Baba yake na baba yangu ni watoto wa ndugu wawili!

Akaniuliza, kama Msomali yeyote angeuliza: na wewe, abaayo, dada yangu, ni wa nani?

Nikataja ukoo wa mama yangu.

Jumatano, 5 Oktoba

Huyo Gelle namjua.

Ramadhani iliyopita alikuja getini kwetu kutoka Hulugho. Viatu vya tairi, midomo imepasuka. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe wote. Aabo, baba yangu, alikuwa sebuleni. Akaninong'oneza nimwambie amesafiri. Nikaenda, nikasema — nami nimefunga! Gelle akanishukuru. Mungu amrudishe salama, akasema. Akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Mara tatu nimeutamka uongo huo, na mara tatu nikashukuriwa.

Alhamisi, 6 Oktoba

Nimerudi maghalani. Ikran wa darasani kwetu akanitania: "Chokora wako anakulipa nini, kila siku uko huko?"

Nasteho kanieleza yote bila kulia. Baba yake alimwacha kwa mama mmoja muuza maji, Saado, akaenda kuchunga ngamia wa watu upande wa Diff. Simu yake haipatikani tangu mwezi wa sita. Saado naye kahama. Lakini baba alimwachia neno: asitoke Garissa, adeer yake, ndugu wa baba, akirudi safari atamchukua. Basi anangoja. Miezi sita anangoja mtu arudi kutoka safari ambayo hakwenda!

Wenzake wakipita na chupa zao za gundi, huwa anasogea pembeni. "Mimi si chokora," akaniambia. "Mimi nina adeer."

Ijumaa, 7 Oktoba

Baada ya sala nimemwambia Aabo. Hakukasirika. Heri angekasirika. Alisema ng'ombe wamekufa wa kila mtu. Alisema akimfungulia mmoja, kabla ya magharibi watakuwa arobaini. Watoto wa shangazi wanane tayari wanalala humu, na mshahara ni ule ule. Yote kweli. Nikamwambia huyu ni damu, ni wa Keinan. Akasema hata hao arobaini ni wa Keinan. Kisha akaniuliza kama maji ya chai yamechemka.

Nimempelekea Madam Roda karatasi yangu. Namba kumi niliandika: familia. Ameipigia mstari kwa kalamu nyekundu, akaandika: kazi nzuri sana. Naona haya! Huyu mtoto amekuwa kioo cha kujitazamia, nijione nilivyoneemeka. Na yeye atashukuru kwa kumtazama nani?

Jumamosi, 8 Oktoba

Nimemwambia mimi ni wa nani. Hakuuliza kwa nini nilidanganya. Hilo ndilo lililonimaliza.

Aliuliza kitu kimoja tu: adeer amerudi?

Nikasema amerudi. Nikamwelekeza — geti la buluu, nyuma ya msikiti, aje kesho baada ya alasiri, atamkuta. Akaniomba sabuni. Anataka kufua mtandio.

Aabo alishanijibu jana. Nilikuwa najua. Mbona basi nimemwita?

Jumapili, 9 Oktoba

Amekuja. Hata adhana ya alasiri haijapoa.

Alibisha hodi kwa kiganja, taratibu. Aabo akapunguza sauti ya televisheni. Hakunitazama. "Mwambie nimesafiri."

Hooyo anakunja shuka ile ile, anaikunjua, anaikunja tena. Nimeingia chumbani nikafunga mlango, nipo dirishani naandika. Chini ya geti naiona miguu yake. Kaiosha. Naye pale alipo, akiinama tu, ataviona viatu vya Aabo barazani.

Sasa anasema kitu. Haombi chakula. Anataja majina, kwa sauti, polepole, kama yuko dugsi mbele ya mwalimu wa Kurani. Mimi Nasteho wa Gelle. Wa Guled. Wa Keinan.

Nyumba nzima inamsikia. Watoto wa shangazi wameacha kucheza.

Anaanza tena. Nasteho wa Gelle wa Guled wa Keinan. Akifika hapo ananyamaza, anatungoja sisi tuendelee.

Aabo ananiita. "Ramla! Getini kuna mtu."

Ananiita mara ya pili.