Hakuacha Mtoto

Jumatatu, 3 Juni 2024

Shemasi Pruitt amekuja na picha ya kibao cha kumbukumbu kwenye simu yake. Hatimaye! Miaka hamsini tangu kaka yangu auawe, ndiyo kwanza mji umekumbuka kwamba aliimba. Kibao kitazinduliwa nje ya kanisa letu Jumamosi ya tarehe 15. Meya atakuwepo, na kwaya tatu.

Nimevaa miwani nikasoma. Roscoe Tutwiler, mwimbaji, 1943–1974. Halafu risasi. Halafu maegesho ya klabu. Halafu jina la muuaji — la muuaji, jamani, kwa herufi kubwa sawa na la Roscoe! Nyimbo zake zimepewa nusu mstari. Na mwisho kabisa: "Hakuacha mke wala mtoto."

Nikamuuliza, hilo la mtoto mmelitoa wapi? Akacheka. Kwako, Dada Verlene! Tumenakili programu ya mazishi neno kwa neno, na si wewe uliyeipiga chapa? Kimeshasubiwa kiwandani, akasema. Chuma kitupu, mvua ya miaka mia haikifuti.

Ni kweli niliipiga mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na taipureta ya kuazima. Mama alisimama nyuma ya kiti changu na kofia yake nyeupe ya kanisani, andika hivi, usiandike vile. Mtoto wa nje ya ndoa hakutakiwa kwenye programu yake. Na nani hapa Pinder hafanyi hivyo? Programu za mazishi zote tunazipiga pasi. Mlevi anakuwa mcheshi, aliyetelekeza wanawe anakuwa mpenda safari. Sisi wenyewe tunajua jinsi ya kuzisoma. Nani alijua watu wa vitabu watakuja kuzishika kama Biblia?

Charmaine, binti wa Roscoe, alikuwa na miaka miwili. Nilishampakata.

Jumatano, 5 Juni

Leo bwana wa kitabu, Brannigan, kutoka Ohio. Anaandika juu ya Wamarekani mashuhuri waliouawa, wote, kwa mpangilio wa majina. Roscoe yuko kati ya seneta mmoja na mwanamasumbwi. Ukurasa mmoja na nusu. Alinionyesha kana kwamba nitapiga makofi.

Nilimwekea pai ya pichi. Hakuigusa. Alitaka kujua shati lilikuwa rangi gani. Kama ni kweli yule mlevi aliyempiga risasi alisema Roscoe alimkanyaga kiatu. Roscoe alilala pale chini dakika ngapi kabla ya gari la wagonjwa kufika. Kumi na mbili! Kila anayekuja, dakika kumi na mbili! Mtu aliishi miaka thelathini na moja. Nikaanza kumweleza jinsi alivyokuwa akifanya mazoezi ya kuimba kwenye banda la kuku mpaka kuku wakagoma kutaga — akatazama saa.

Mlangoni akageuka. Na mtoto hakuacha, sivyo?

Nikasema hapana.

Mtu mzima mimi! Mama yuko kaburini tangu 1991, na bado amesimama nyuma ya kiti changu.

Jumamosi, 8 Juni

Makaburini. Chupa kumi na tisa za wiski juu ya kaburi. Kuna mjinga mmoja zamani aliandika kwamba Roscoe alikufa na chupa mkononi, basi kila mwaka washabiki wanamletea. Roscoe alikuwa akinywa mtindi! Alisema unalainisha koo. Nimemwaga zote, mgongo unaniuma.

Basi la watalii likasimama. Mwanamke mwenye kofia ya majani akaniuliza kama mimi ndiye mfagiaji. Nikamwambia ndiyo. Sikuwa na nguvu ya kuanza.

Jumatatu, 10 Juni

Simu. Namba ya Cleveland. Sauti ya mwanamke: Bi Tutwiler? Nikamwambia kama ni habari za risasi asubiri kitabu. Akasema, hapana, shangazi. Ni Charmaine.

Nikakaa chini.

Hakutaka pesa wala kesi. Aliuliza: baba alikuwa akila nini asubuhi? Miaka hamsini, wa kwanza kuniuliza! Nikamwambia uji mzito wa mahindi na siagi, na chumvi mpaka Mama anapiga kelele. Nikamwambia habari za kuku. Akacheka — kicheko cha puani, kile kile cha Roscoe. Nililia, na sikumficha. Tumeongea mpaka maharage yakaungua.

Kisha akasema ameona tangazo, anakuja Jumamosi. Nami nikasema nini? Nikasema huku Georgia mwezi huu joto kali sana. Joto! Ulimi wangu ukatwe.

Akaelewa. Akasema, usijali, shangazi, nitakaa nyuma. Siku ya mazishi mama yangu alinipakata nyuma, karibu na mlango. Tumezoea.

Alhamisi, 13 Juni

Nimekwenda kwa Shemasi Pruitt. Nikasema kibao kina uongo. Yuko mtoto.

— Najua yuko, akasema. Mji mzima unajua.

— Mnajua na mkaandika hivyo!

— Tumeandika ulichoandika wewe, Dada Verlene. Sasa unataka nikafute chuma kwa kifutio?

Nikamwambia basi nipe kipaza sauti dakika moja tu, niseme. Akavuta kiti karibu, akashusha sauti. Mama yako alikuwa mama wa kanisa hili miaka thelathini, akasema. Picha yake iko ukumbini. Utamwaibisha mbele ya meya?

Nikasema mbona yeye hakuona aibu kumfuta mtoto wa miaka miwili. Akaniuliza nani aliyemfuta, Mama au mpiga chapa?

Nimerudi nyumbani bila kuaga. Mpumbavu yule. Tena amesema kweli!

Ijumaa, 14 Juni

Ndiyo siku yenyewe aliyouawa. Redio imepiga wimbo mmoja na kutaja risasi mara nne. Nimezima. Nimepika uji wa mahindi, nimetia chumvi nyingi. Hauliki. Nimeula.

Jumamosi, 15 Juni

Niko kanisani. Daftari sikuja nalo, naandika nyuma ya upepeo wa karatasi. Watu wa kampuni ya mazishi wamechapisha pepeo mia tatu zenye picha ya Roscoe, na nyuma yake tangazo lao. Hata leo wanatafuta wateja! Naandika juu ya tangazo.

Safu ya mbele ina utepe mweupe: FAMILIA. Nafasi za watu wanane. Niko peke yangu.

Charmaine ameingia. Gauni la kijani. Amekaa safu ya mwisho, pembeni mwa mlango. Paji la uso ni la Roscoe tupu, wazee wanagusana viwiko.

Shemasi anasoma maneno ya kibao. Risasi. Maegesho. Muuaji. Hakuacha mke wala mtoto. Kuna waliosema amina!

Sasa anasema familia isimame, itangulie nje ikafunue kibao.

Sijasimama. Nimegeuka nikamwita kwa mkono. Ametikisa kichwa. Basi nimepaza sauti: Charmaine! Njoo huku mbele, kwa shangazi yako!

Pepeo zote zimetulia. Shemasi amekohoa, amerudia: familia isimame. Nimemwambia tunamsubiri mwenzangu. Meya anatazama viatu vyake. Asubiri naye. Peke yangu sisimami tena. Naandika ili nisimtazame mtu.

Charmaine amesimama, mkoba kifuani. Mlango uko karibu naye kuliko mimi.