Nani Atamshikia Koku Mlango

Mdogo wangu Kemi,

Nakusalimu kutoka Miembeni. Sisi wazima, ila Bibi bado anagombana na kuku wanaochakura kahawa aliyoianika. Ninyi huko Ngenge hamjambo?

Umeniuliza ufanye nini kuhusu mwenzako anayefukuzwa kwenye vyoo vya wavulana na vya wasichana pia. Kidato cha pili nilisoma na mtu kama huyo. Aliandikishwa mvulana, lakini alijijua ni msichana, akatuomba tumwite kwa jina la kike, Koku. Milango ya vyoo vyetu haikuwa na komeo, kila mtu alishikiwa na rafiki. Koku hakuwa na wa kumshikia. Basi hakunywa uji wala maji mpaka jioni, ili asihitaji choo.

Siku moja nikamwambia, "Twende vya wasichana, nitakushikia." Nikasimama mlangoni na kitabu changu.

"Aneth, umekuwa askari wa choo?" wenzangu wakacheka.

"Nasoma tu."

Ukurasa ule sikuelewa hata mstari mmoja. Lakini asubuhi iliyofuata Koku alimnyooshea mpishi kikombe cha uji, akasema, "Mama, jaza."

Dada yako,
Aneth