Maganda ya Mtu Mmoja

Mdogo wangu mpendwa,

Naanza kwa kukujulia hali, wewe na goti lako la kulia, ambalo mara ya mwisho uliniambia linakusumbua kwenye ngazi. Natumaini limetulia. Mimi ni mzima. Mbuzi wawili ni wazima, kuku tisa ni wazima, na nyuki nao hawajambo, ingawa hawana desturi ya kutuma salamu.

Ni miaka miwili sasa hujaniandikia, na sikulaumu. Barua hii ni ndefu kidogo. Ivumilie kama ulivyonivumilia nilipokufundisha kugawanya desimali.

Unaijua kanuni ya shamba langu: hakuna cha kulilisha kitakachoingia langoni. Si mbolea, si mbegu, si chakula cha mifugo. Mvua inashuka kutoka paani hadi tangini. Ua wa miti ya malisho unawashibisha mbuzi. Samadi yao inakwenda kwenye shimo la mboji pamoja na majivu na maganda ya jikoni. Mboji inakwenda kwenye mahindi na maharage. Mabua yanarudi kwa mbuzi. Maji ya kuoshea vyombo yanapita kwenye changarawe na kuishia migombani. Hata mkojo, uniwie radhi, huchanganywa na maji mara kumi na kupewa mchicha. Hapa hakuna kinachotupwa. Nilikuwa nikiwaeleza wageni hivyo, mpaka wageni wakaisha.

Msimu huu mahindi yaligeuka njano, majani ya chini yakikauka kuanzia nchani. Msimu uliopita ilikuwa vivyo hivyo, nikaisingizia mvua. Safari hii nilimwita bwana shamba, ambaye zamani alikaa dawati la nyuma darasani kwangu. Alizunguka shamba, akatia mkono kwenye shimo la mboji, kisha akaniuliza nani anakula hapa. Nikamwambia, mimi. Akauliza, na nani mwingine? Nikamwambia, mimi tena. Akacheka, halafu akaacha kucheka.

Alisema, Mwalimu, shamba lako haliumwi, lina njaa. Akanifafanulia taratibu, kana kwamba mimi ndiye wa dawati la nyuma: maganda ya mtu mmoja hayajazi hata kikapu kwa wiki, na jiko linalowashwa mara moja kwa siku linatoa majivu ya konzi mbili. Mavuno yanayonishinda nampa jirani yangu, fundi cherehani mwenye watoto sita. Kwa hiyo rutuba inatoka langoni kila siku, na hairudi.

Fundi huyo ndiye mtu pekee ninayezungumza naye. Akipokea maboga juu ya ua huniuliza kama leo nimeongea na mtu, na huongeza haraka kwamba mbuzi hawahesabiki. Siku moja nilimjibu kwamba nimeongea na kuku. Akasema, basi angalau wamekujibu.

Kabla ya kuondoka, bwana shamba aliomba kuona mchoro wa shamba, ajue lilipangiwa watu wangapi. Nikamwambia umepotea. Ulikuwa kwenye mtoto wa meza, karibu na kiwiko chake.

Sasa nisikilize, mdogo wangu. Ulipomzika shemeji, na watoto wakawa wametawanyika, uliniandikia ukiuliza kama shambani kwangu pana nafasi ya sufuria moja zaidi. Nilikujibu kwa ukurasa mzima wa hesabu, kilo za mahindi na lita za maji, na chini nikapiga mistari miwili ya wino mwekundu: shamba linatosha mtu mmoja. Uliamini kwa sababu hesabu ilikuwa yangu.

Ilikuwa ya uongo. Shamba lilipangwa kwa watu wawili. Wifi yako aliandika idadi hiyo pembeni mwa mchoro kwa mkono wake, kabla hajaugua. Mimi nilinakili ukurasa upya, nikigawanya kila mstari kwa mbili. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, na hiyo ndiyo mara pekee niliyodanganya.

Sikuwa na kinyongo nawe. Wifi yako alipoondoka, nilijifunza kunywa chai peke yangu, kubishana na redio, kulala katikati ya kitanda. Lilikuwa somo gumu. Niliogopa utakuja, nitakuzoea, kisha siku moja utaondoka nianze darasa lile lile upya. Bado naogopa. Lakini mahindi yamenionyesha kosa langu, na sina tena mvua ya kusingizia.

Nimeambatisha mchoro wa kwanza. Utautambua mwandiko wa wifi yako. Chumba cha mashariki nimekiondolea magunia na kukipaka chokaa. Nyumba haina ngazi hata moja. Kama bado una hasira, njoo nayo. Hapa hakuna kinachotupwa.

Wasalimie wanao wakikupigia simu. Fundi cherehani anakusalimu pia, maana nimemweleza yote haya, naye ameniita jina ambalo sitaliandika. Na usisahau sufuria yako.

Ni mimi kaka yako,
Wino Mwekundu