Nimekwangua Zawadi ya Mchumba wa Binti Yangu

Mpendwa Bi Kulthum, nakuamkia, na naomba unisaidie kabla ya Ijumaa. Mimi mzee wa Likoni, shule niliiona mlangoni tu, nauza asali na udi, na katika biashara hii mtu asiyejaribu kitu hula sukari guru akidhani asali, kwa hiyo kucha zangu haziamini mtu. Binti yangu Mwanasiti ana chumba cha kupiga chapa karibu na feri, kompyuta yake imechoka, barua moja inaandikwa mpaka mwenye barua anasinzia, na mchumba wake Shee, karani wa hoteli moja huko Shelly Beach, akamwagizia prosesa, yaani ule ubongo wa kompyuta, kupitia intaneti, kwa muuzaji wa ng'ambo ambaye hajamwona hata kivuli. Nikamwambia, "Shee mwanangu, mimi hata mke nilimwona kabla ya kumuoa." Akacheka, akasema, "Baba, siku hizi ndivyo watu wanavyonunua."

Kijidude kikaja, kidogo kama biskuti, juu kimeandikwa 233, ndiyo namba ya mwendo wake, Mwanasiti akakiweka kabatini kumngoja fundi Wafula wa Changamwe aje akifunge, naye alipokwenda harusini nikakitoa nikakijaribu kama ninavyojaribu udi, maana udi wa bandia hupakwa rangi nje na ukiukwangua ndani ni mti mweupe tu, basi nikashika wembe, nikakwangua taratibu, na wallahi ile 233 ikatoka kama masizi, chini yake ikachungulia 166. Nikakirudisha kimya kimya. Sasa wazee wa Shee wanakuja Ijumaa baada ya sala kuchukua jibu la posa, Mwanasiti anaimba jikoni, mke wangu ameshaagiza halua, nami nikimtazama kijana naona udi uliopakwa rangi. Nimkatalie, au ninyamaze nimtoe binti kwa tapeli? Mama yake akiniuliza mbona nimenuna, namwambia jino.

Mzee Badi, Likoni

Mzee Badi, shikamoo. Asali yako naamini ni safi, ila mikono yako haina adabu. Umefungua kabati la binti yako, ukaipara zawadi yake kwa wembe, kisha anayeshukiwa ni mwenzio.

Hofu yako naielewa, ni ya mzazi. Nimemuuliza fundi wa kompyuta, akaniambia wako matapeli wanaochukua prosesa ya mwendo mdogo, wakafuta namba yake na kuchapa kubwa, na mnunuzi wa mbali hajui mpaka mashine imemgandia kazini. Kwa hiyo macho yako hayakukudanganya. Lakini wembe umekuonyesha uwongo, haukukuonyesha mwongo. Wewe mwenyewe hujawahi kuuziwa udi wa rangi?

Mwambie Mwanasiti leo, kwa mdomo wako, usimtume mama yake. Kisha Wafula aitwe, na Shee awepo. Fundi asome kwanza maandishi ya upande wa chini, kwenye miguu ya prosesa, yaani vile vijipini vyake, kwani matapeli wengi huyasahau. Halafu aifunge, aiendeshe kwa 233. Ikipata moto na kuganda, aishushe 166. Ikitulia hapo, ya prosesa mmeyajua.

Ya Shee mtayasikia. Akitaka kumwandikia muuzaji papo hapo, huyo ni kijana aliyechezewa, usimkatalie. Akianza kuwabembeleza kwamba 166 nayo yatosha, jambo lizikwe, mwachie Mwanasiti ampime, kwani anayeposwa ni yeye, si wewe.

Na muuzaji akikataa kupokea kitu kilichopigwa wembe, usimtafute wa kumlaumu. Utanunua nyingine wewe, dukani, ukiishika kwa mkono na fundi yuko kando yako.

Yote haya yamalizike kabla ya Ijumaa. Shee akikusamehe, umepata mtoto wa kiume. Asipokusamehe, halua ya mkeo utaila peke yako, na hilo jino.