Wakili wa Kiwanda

Bahati, Nairobi
12 Februari 1978

Mwanangu Njogu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa majirani wote. Mimi ni mzima, ni mguu tu unaonisumbua kukiwa na baridi. Wewe je, joto la Mombasa umelizoea? Unakula vizuri?

Kibanda changu cha krimu na mafuta karibu na soko la Burma bado kipo. Wateja huniuliza yule kijana niliyemlea anafanya nini siku hizi, nami nawaambia ni wakili. Wakiuliza anatetea nani, nanyamaza, maana hujaniambia. Wanadhani ni wezi. Niandikie niwe na la kusema.

Habari mbaya ni moja. Amino Barre, yule fundi cherehani wa Majengo aliyekushonea suti ulipomaliza chuo, uso wake umeharibika. Ulianza kuwasha, ukachubuka, sasa una mabaka meusi kama umepitishwa pasi. Daktari anasema ni krimu ya kung'arisha ngozi. Ni mimi niliyemuuzia. Silali vizuri.

Shangazi yako,
Warigia

---

Mombasa
27 Februari 1978

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia u mzima. Pole kwa mguu, ujifunge kitu cha sufu. Mimi sijambo, ingawa joto hili sijalizoea na sidhani nitalizoea.

Wakikuuliza tena, waambie natetea viwanda. Mtu akinunua jiko likamlipukia, au sabuni ikamwasha, akashtaki, kiwanda kinakuja kwetu. Tunauliza kosa ni la nani: aliyetengeneza, aliyeuza, au aliyetumia vibaya? Si kazi ya kudanganya, shangazi. Ni kazi ya kuuliza.

Mkubwa wangu, Bwana Mativo, amenipa faili ya kwanza niiandae peke yangu. Ni kiwanda kimoja cha hapa Mombasa ambacho kimeanza kupata malalamiko. Niliandika hoja za utetezi kabla barua yako haijafika, naye akazipenda sana.

Lakini kiwanda hicho kinatengeneza krimu inayoitwa Nuru. Ya Amino ilikuwa gani? Kama ni Nuru, usiniambie. La, niambie. Sijui.

Mwana wako,
Njogu

---

Bahati, Nairobi
3 Mei 1978

Mwanangu Njogu,

Natumaini afya yako ni njema. Mimi niko, mguu umepoa. Nimekawia kwa sababu sikujua niandike au ninyamaze.

Ni Nuru, kopo la kijani. Amino ameshtaki. Wakili wake anaitwa Bwana Ochola, na kesi itasikizwa huko Mombasa kiliko kiwanda. Ameniomba nije nishuhudie kwamba Amino aliinunua kwangu, nami nimekubali. Sasa nimechanganyikiwa. Nikifika huko nitakukuta upande upi?

Kuna jingine. Juzi alikuja kibandani mtu aliyevaa tai, akasema ametumwa na mawakili wa kiwanda. Alitaka niweke sahihi kwamba krimu niliipata kwa mchuuzi wa barabarani, si kwenye duka la jumla la Gedi linaloletewa mali na kiwanda chenyewe. Nikamwambia, "Lakini nilinunua kwa Gedi." Akasema, "Mama, hebu fikiria vizuri." Nimefikiria mpaka nimeanza kujiuliza kama kweli ilikuwa kwa Gedi.

Ni wewe uliyemtuma?

Shangazi yako,
Warigia

---

Mombasa
11 Mei 1978

Shangazi,

Nakusalimu. Si mimi. Naapa si mimi.

Nilipomaliza kusoma barua yako niliingia kwa Bwana Mativo nikamwambia shahidi ni shangazi yangu aliyenilea. Akasema, "Basi toka kwenye kesi. Faili iache mezani." Nimetoka. Sasa iko kwa mwenzangu, Maingi. Nilipouliza habari za yule mtu mwenye tai, Bwana Mativo alisema hajui ninazungumzia nini. Alisema kwa upole sana. Sijui kama nimwamini.

Usiweke sahihi popote. Njoo useme unayoyajua. Siruhusiwi kukuandikia tena mpaka kesi iishe.

Njogu, mwana wako

---

Bahati, Nairobi
19 Novemba 1978

Njogu,

U mzima? Mimi nilifika nyumbani salama. Nimengoja hukumu itoke ndipo nikuandikie.

Nilikuona umekaa nyuma kabisa, unatazama viatu vyako. Basi ulisikia. Yule Maingi hakuniuliza habari za Gedi hata kidogo. Aliniuliza, "Ni kweli huwa unachota krimu kwenye kopo kubwa ukaitia kwenye vikopo vidogo, kwa wasioweza kununua kopo zima?" Nikasema ndiyo. "Hivyo vikopo vilikuwa na nini hapo mwanzo?" Nikasema vingine mafuta ya nywele, vingine rangi ya viatu. Watu wakaguna. Kwamba huvichemsha kwanza, hakuniuliza. Kwamba Amino alinunua kopo zima ambalo halijafunguliwa, nililisema, lakini sijui kama jaji alikuwa bado ananisikiliza.

Kesi imeanguka. Jaji amesema haijulikani ubaya ulitoka kiwandani au mikononi mwangu.

Njogu, watu wa Mombasa walijuaje habari za vikopo? Ni wewe uliyekuwa ukiviosha ukitoka shule.

Warigia

---

Mombasa
2 Desemba 1978

Shangazi yangu,

Sijui nianze vipi kukuuliza hali.

Niliandika mimi. Yalikuwa kwenye zile hoja za mwanzo, kabla sijajua habari za Amino. Niliandika kwamba wauzaji wa Eastlands, mitaa yetu ya Nairobi, huigawa krimu kwenye vikopo vichafu. Niliandika "wauzaji". Nilijua hayo kwa sababu niliyaona kwako, lakini nilipoandika sikukuona wewe. Nilipoacha faili mezani ningeweza kuuchomoa ule ukurasa. Sikuuchomoa, na sijui kama kuuchomoa kungekuwa haki au wizi.

Bwana Mativo anasema hoja ile ndiyo iliyoshinda. Amenipa kesi zote za viwanda: majiko, chupa za soda, dawa za mbu. Sikukataa.

Na jambo hili sipaswi kulitamka. Kiwanda kimebadilisha krimu kimya kimya. Kuna kitu kimetolewa ndani yake, na kopo ni jipya. Kama haikuwa na ubaya, wameibadilishia nini? Na kama ilikuwa nao, mimi nilifanya nini?

Mwana wako, kama bado ni wako,
Njogu

---

Bahati, Nairobi
10 Desemba 1978

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Kula.

Nimemsomea Amino barua yako, mpaka pale pa krimu kubadilishwa. Akasema, "Aje aniambie mwenyewe." Sikujua kama amekasirika. Siku hizi hujifunika leso mpaka machoni. Bwana Ochola naye, tulipomweleza, anasema ukiyasema hayo mbele ya jaji kesi inaweza kufufuliwa, na huenda wewe usifanye kazi ya uwakili tena. Nilipopiga magoti usiku sikujua nikuombee lipi.

Njoo Krismasi. Amino hasherehekei, lakini ameahidi kuja kula. Yeye nitamkalisha karibu yangu. Wewe bado sijajua nitakukalisha wapi.

Njoo tu.

Shangazi yako,
Warigia