Maji ya Vincent na Sahani ya Kocha

Voi, Jumatatu

Wifi yangu mpendwa Priscilla,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na magoti yako, na yule mbuzi wako anayekula nguo. Sisi hapa tuko salama. Joto ni lile lile, na paa bado linavuja upande aliokuwa akilala marehemu kaka yako, kwa hivyo halimsumbui mtu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii lazima uipate mpaka mwisho. Tafadhali keti kwanza.

Nasikia huko Wusi mmeambiwa kwamba mwanangu Vincent alimtemea refa mate. Ilikuwa hivi. Timu yake ya mpira wa kikapu ya Mkonge, ile inayomlipa mshahara, ilikuwa ikicheza hapa Voi na timu ya kutoka Mombasa. Kota ya tatu, mchezaji wao mmoja mrefu anayeitwa Derrick alimpiga Munyoki wetu kiwiko, jino likaruka. Mchezo ukasimama, watu kumi wakapiga magoti uwanjani kulitafuta. Lilipopatikana, refa akasema kosa ni la Munyoki, kana kwamba yeye ndiye aliyekipiga kiwiko kwa jino. Mama mmoja nyuma yangu akamuuliza refa kwa sauti kama macho yake aliyaacha nyumbani ama yako njiani yanakuja. Kaka yako Samuel angekuwepo naye angesimama. Unakumbuka alivyokuwa akisimama kila mtu alipopiga mipira ya adhabu, hata wa timu pinzani, kofia mkononi, kama yuko kanisani?

Vincent ndiye nahodha, na damu ilimpanda. Akafanya alivyofundishwa na marehemu mama yenu: akachukua maji mdomoni, akageukia pembeni, akaitaja hasira yake moyoni, akayapuliza chini ili iende zake. Alikuwa akitasa, wifi. Lakini unaujua upepo wa Voi. Matone yakatua kwenye kiatu cha refa, na huyo refa si wa kwetu. Akaandika kwamba ametemewa mate.

Basi Vincent na Derrick wakaitwa siku moja mbele ya kamati ya nidhamu ya ligi. Kitabu chao cha sheria kinasema kiwiko ni kufungiwa mechi moja, mate ni msimu mzima. Na mkataba wa Vincent unaisha msimu huu. Mchezaji aliyefungiwa hivyo, nani atampa mwingine? Derrick alimaliza kwa dakika tano, akatoka akila karanga. Munyoki alikuwa amebeba jino lake ndani ya kiberiti kama ushahidi, lakini hakuna aliyetaka kulitazama.

Aliyeniombea niingie kutoa ushahidi wa mila ni kocha Nzioka. Ndiyo, yule yule. Najua umekunja uso, vumilia, nitamrudia.

Nikawaeleza kwamba kwetu mtu anayetasa hamtemei adui. Huitoa hasira yake mwenyewe ili asimpige mtu, na Vincent angekosa yale maji labda tungetafuta jino la pili. Mwenyekiti akasema hayo ni maneno matupu, maji hayawezi kumfikia mtu bila kuelekezwa kwake. Nikaomba chupa iliyokuwa mezani. Nikajaza mdomo, nikageukia ukutani kabisa, nikapuliza. Wifi, sikuwa nimeiona feni. Maji yalipanda, yakageuka, yakaja kutua kwenye miwani ya mwenyekiti na kile kitabu cha sheria. Katibu akaanza kuuliza jina langu linaandikwaje. Mwenyekiti akapangusa miwani polepole, akaniuliza kama nilikuwa na hasira naye. Nikamjibu kwamba nilikuwa nayo, tangu alipotuacha tumesimama asubuhi nzima, lakini sasa imeisha. Hata refa akacheka. Vincent akapewa mechi moja, sawa na Derrick. Munyoki anasema si haki, jino na maji hayawezi kuwa na uzito mmoja, na mimi namuunga mkono.

Tulipokuwa tukirudi, Vincent alisema neno lililonichoma. Alisema yeye amesikilizwa, lakini kocha wake hakusikilizwa na mtu. Alikuwa na maana ya siku ya mazishi, ulipomnyang'anya Nzioka sahani ya kimanga cha muhogo na maharagwe mbele ya foleni nzima, ukamwambia kwamba anayemficha mwana kifo cha baba yake kwa ajili ya mpira hali chakula kwenu. Nilikuwa pale pale nikigawa chai. Nilinyamaza.

Wifi, kocha hakuamua lile jambo. Niliamua mimi. Samuel alipokata roho, Vincent alikuwa katikati ya mechi Nairobi. Nilimpigia Nzioka, nikamwapisha asimwambie hadi filimbi ya mwisho. Haikuwa kwa ajili ya ushindi, hata sikuuliza nani anaongoza. Nilitaka tu katika familia yetu abaki mtu mmoja mwenye furaha, japo kwa kota mbili. Siku ile ulipochukua sahani yake alinitazama mara moja, akanawa mikono, akaenda zake.

Nilimwambia Vincent yote tukiwa jikoni. Akateka maji kwa kile kikombe cha bati cha baba yake, kile kilichong'oka mkono, akatoka nje, akanitaja kwa jina, akapuliza. Kuku wote wakakimbia. Akakijaza tena, akanipa, akasema sasa nitoe yangu. Ndipo nikajua kwamba muda huu wote nimekuwa nikimkasirikia Samuel kwa kuondoka bila kuziba paa.

Jumamosi tunakuja kujengea kaburi, na kocha nimemwalika. Umemfungia msimu mzima kwa kosa langu. Kama ni lazima mtu aadhibiwe, ninyang'anye mimi sahani mbele ya wote, mechi moja. Lakini yake irudishe, na kimanga kijae.

Kikombe nimekifunga pamoja na barua hii. Kijaze maji kabla hatujafika, utoke nacho nje, unitaje bila haya. Angalia tu mbuzi asiwe karibu.

Wasalimie wote huko juu, na yule jirani anayeuliza kila mara kama nimekonda. Mwambie bado.

Ni mimi wifi yako mwenye kosa,
Rita