Dagaa Kwenye Majivu

Jumatatu, 5 Juni
Mtaalamu wa mifupa ya samaki kafika leo kutoka Tunis. Anaitwa Sirine. Begi moja, hadubini yake mwenyewe, viatu vyeupe. Mkuu wetu wa uchimbaji wa mambo ya kale, Bwana Hedi — kwetu "bwana" ni "Si", naye ni Si Hedi — alitoka mpaka barabarani kumpokea. Mimi, siku yangu ya kwanza, aliniambia kwa simu nimtafute mwenyewe.

Atalala kwetu. Mama ndiye anayeipikia timu, na chumbani kwangu kuna kitanda cha ziada — basi, nani angekataa? Kaniambia, "Dada Naziha, kazi yako ya mbegu nimeisikia sana." Kaisikia kwa nani? Huyu anajua kujipendekeza.

Jumatano, 7 Juni
Tumefungua nyumba za vibarua wa enzi za Warumi, nyuma ya mahodhi. Mahodhi kila mtu anayajua: humo samaki walitiwa chumvi, wakaachwa juani mpaka wakawa mchuzi, na mchuzi ukasafirishwa kwenda Roma. Lakini wale waliokuwa wakiukoroga wao walikula nini? Swali hilo ni langu. Nimeling'ang'ania tangu zamani, wenzangu wakishangilia michoro ya sakafuni. Natia udongo wa jikoni kwenye pipa la maji, mbegu zilizoungua zinaelea, nachambua. Shayiri. Magugu. Tini kidogo. Chakula cha wanyonge wa jimbo la Roma.

Leo Si Hedi kasema "swali la Sirine." Nimemsikia kwa masikio yangu.

Nimerudi nyumbani, nikamkuta Sirine jikoni na mama. Anauliza dagaa wanalazwaje kwenye chumvi. Mama anacheka, mikono imejaa magamba. Mama huyu huyu ambaye hajawahi kuniuliza nachimba nini! Kwake mimi naosha udongo.

Ijumaa, 9 Juni
Leo mama kapika kuskusi ya samaki. Kichwa kapewa Sirine. Kichwa kilikuwa cha baba; tangu afariki hapewi mtu, mama hukirudisha sufuriani.

Na hakusema "asante Mama Wassila." Kasema "asante, mama."

Sikumaliza chakula. Hakuna aliyeuliza.

Jumatatu, 12 Juni
Sirine kamaliza kupitia taka za vibarua. Hata mwiba mmoja wa samaki hakuna. Kwa hiyo — anasema — walitengeneza mchuzi wa matajiri na wenyewe hawakuonja. Si Hedi kafurahi kama bwana harusi. Alhamisi wanakuja wageni kutoka Tunis, na watu wa televisheni. Atakayezungumza ni Sirine.

Nikauliza, "Na mbegu?"

"Weka sahani yako ya mbegu pale mezani," Si Hedi akasema, "watu waione."

Sahani.

Mama naye kahuzunika. "Maskini, kushinda na samaki kutwa usionje!" Alikuwa anamwambia Sirine. Shayiri niliyomwonyesha mwaka jana alidhani ni kinyesi cha panya.

Jumanne, 13 Juni
Nimewaona.

Majivu ya meko, nyumba ya pili. Chekeche langu lina matundu madogo kuliko la Sirine, mbegu zinataka hivyo. Nimeweka chini ya hadubini kitu nilichodhani ni donge la shayiri. Ni shayiri kweli, uji ulioungulia chini ya chungu. Lakini ndani yake kuna pingili za uti wa mgongo. Ndogo kuliko punje ya mtama, nyeusi kwa moto. Dagaa. Wengi.

Basi walikula. Machicha ya mchuzi, yale yanayobaki chini ya hodhi mabwana wakishachukua chao, waliyabeba nyumbani wakakolezea uji. Vitu vidogo vile vilipita kwenye chekeche la Sirine bila yeye kujua.

Nilifurahi mno, nikazitia pingili kwenye kichupa. Sitajidanganya hapa: sikufurahi kwa ajili ya vibarua.

Nikimwambia, habari inakuwa tamu zaidi, na itakuwa yake, maana samaki ni wake. Nisipomwambia, Alhamisi atasema uongo mbele ya kamera bila kujua. Nami wiki ijayo natoa kichupa changu, polepole, kwa huzuni.

Nimekitia mfukoni.

Jumatano, 14 Juni
Kajizoeza hotuba chumbani. "Nikikosea niambie, dada." Nikamwambia iko sawa.

Mchana mama kaniita jikoni. "Yule mtoto mama yake kafariki mwaka jana. Umewahi kumuuliza?"

Sijawahi.

"Wewe mama yako yupo hapa, anakumenyea vitunguu. Mbona unanuna kama yatima?"

Nikaenda chumbani kumweleza Sirine yote. Nilikuwa nimeamua kabisa. Nikamkuta amelala usingizi wa mchana, karatasi ziko kifuani. Ningeweza kumwamsha.

Alhamisi, 15 Juni
Naandika nikiwa nyuma ya hema la vifaa. Wageni wanakunywa chai.

Kazungumza vizuri mno. Bila karatasi. Mama alikuja na nguo yake ya sikukuu, akasimama nyuma na wanawake wa mtaani. Sirine kasema vibarua hawa hawakuwahi kuonja samaki waliokuwa wakiwatia chumvi. Kamera ikamsogelea. Kisha kasema: "Swali hili si langu. Aliyeuliza walikula nini, kabla yetu sote, ni Naziha. Na jibu tunalisimamia pamoja, mimi na yeye." Akaninyooshea mkono.

Watu wakapiga makofi. Mama hakumtazama yeye. Kanitazama mimi, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Si Hedi katangaza kwamba baada ya chai nitazungumza mimi.

Nikisema, namwaibisha mbele ya nchi nzima. Na mtu atauliza niliwaona lini. Nikinyamaza, jina langu limebandikwa kwenye —

Kaja. Ana glasi mbili za chai. "Dada, umejificha huku? Mama kakuwekea kiti mbele."

Kanipa chai. Naipokea kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko mfukoni. Anauliza mfukoni nimeshika nini.